Ukibonyeza Moja na Simu Ikanyamaza

Mwezi Machi 2023, Wizara ya Afya ilipothibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba, mkoani Kagera, ni Marburg, wananchi walipewa mambo machache ya kushika: nawa mikono, usimshike mgonjwa, usiioshe maiti, na ukiona dalili piga 199 bila malipo. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Waliougua walikuwa 9, waliofariki 6. Januari 2025 Marburg ikarudi Kagera, mara hii Biharamulo.

Popo na mapango vinavyohusishwa na ugonjwa huu vimeandikwa sana. Mimi nimekuwa nikiwaza kitu kidogo zaidi, nacho ni simu. Mkoa huu una watu karibu milioni 3 kwa sensa ya 2022, wengi wao vijijini, na kila mara serikali, benki au kampuni inapotaka kuzungumza nao kwa wingi hutangaza namba. Nyuma ya nyingi ya namba hizo anayepokea kwanza si mtu. Ni mtambo wenye sauti ya dada iliyorekodiwa: kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa Kiingereza bonyeza mbili. Unabonyeza moja. Kimya. Au unaambiwa chaguo lako si sahihi. Au unapigiwa muziki hadi salio linakwisha.

Namba 199 nimeitaja kwa uzito wake, sina kesi nayo. Kesi yangu ni na jibu moja linalotolewa maofisini kila mitambo ya aina hii inapolalamikiwa na watu wa Nshamba au Rubya, wilayani Muleba: wananchi hawajui kubonyeza. Jibu hilo ni la uvivu. Mtu anayetuma na kutoa pesa kwa nyota na reli kila wiki, akaweka na namba ya siri bila kukosea, hawezi kushindwa kubonyeza moja. Tatizo huwa njiani, na njia ya simu kutoka Muleba hadi kwenye mtambo ni ndefu kuliko wanavyodhani waliouagiza.

Tuifuate njia hiyo kipande kwa kipande, kama fundi bomba anavyofuata maji kutoka kwenye tangi hadi kwenye koki iliyokauka.

Tuanze na kidole. Ukibonyeza 5 kwenye simu ya mezani hutumi namba tano. Unatuma milio miwili kwa pamoja, mmoja wa hezi 770 na mwingine wa hezi 1336. Vitufe vya mstari mmoja wa kulala vina mlio mzito uleule, na vya mstari mmoja wa kusimama vina mlio mwembamba uleule, hivyo kila kitufe kina jozi yake peke yake. Utaratibu huu uliingia sokoni tarehe 18 Novemba 1963 katika miji miwili ya Pennsylvania, Marekani, chini ya kampuni ya Bell. Wahandisi wake waliichagua milio hiyo kwa hesabu, kusiwe na mmoja ulio kigawe cha mwingine, ili sauti ya mtu anayeongea au kuimba isije ikadhaniwa kuwa kitufe. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mtambo wa kujibu simu bado unasikiliza milio ileile.

Simu ya mkononi, hata hivyo, haiipeleki milio hiyo hewani. Sauti yako kwenye mtandao wa 2G hubanwa hadi kilobiti 13 kwa sekunde au pungufu, na ubanaji huo ulibuniwa kwa ajili ya koo la binadamu. Milio miwili safi ikipitishwa humo hutoka imeparuzwa. Kwa hiyo kitochi hufanya jambo la busara: hutuma ujumbe kimyakimya kwa mnara kwamba kitufe fulani kimebonyezwa, na mtambo mkubwa wa kampuni ya simu ndio unaoipiga milio hiyo mbele ya safari. Ule mlio unaousikia sikioni ukibonyeza ni wa kukuridhisha wewe tu. Unaweza kuusikia vizuri kabisa na kule mwisho kusifike chochote.

Hapo ndipo penye kisa cha kwanza na kikubwa. Siku hizi taasisi nyingi hazikodi tena waya maalumu wa simu. Simu hutoka kwa kampuni ya mawasiliano na kuingia kwenye mtambo wa taasisi kupitia intaneti, kwa itifaki inayoitwa SIP. Ndani ya intaneti kuna namna tatu za kupeleka kitufe. Ya kwanza ni kuiacha milio ipite pamoja na sauti, jambo linalofaa kama sauti haijabanwa, yaani kodeki ya G.711 inayotumia kilobiti 64 kwa sekunde. Ikibanwa kwa G.729, ya kilobiti 8, milio hufa. Ya pili ni kupeleka kila kitufe kama pakiti yake, mbali na sauti, kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 2000 kwa jina RFC 2833 na kurekebishwa mwaka 2006 kuwa RFC 4733. Ya tatu ni kukitaja kitufe ndani ya ujumbe wa SIP wenyewe. Zote tatu zinafanya kazi. Kinachovunja simu ni upande mmoja kutumia namna ya pili huku mwingine ukiisikiliza ya kwanza.

Dalili zake hazifichiki kwa anayezijua. Kama hakuna kitufe kinachokubali, kutoka simu yoyote ya mtandao wowote, pande mbili hazijakubaliana namna. Kama vitufe vinakubali kutoka mtandao mmoja na kukataa kutoka mwingine, mtambo ni mzima. Chunguza kiungo cha mtandao ule unaokataa. Kama ukibonyeza 1 mtambo unasoma 11, namna mbili zinafanya kazi kwa pamoja: pakiti imefika, na mlio nao umevuja ukafika. Hili la mwisho ni balaa kwa mtu anayeingiza namba ya akaunti au ya kitambulisho, kwa sababu mtambo utamwambia namba si sahihi hata aibonyeze mara ngapi, naye atakubali kwamba ni macho yake.

Dawa ya kuanzia ni ya bei ndogo. Fundi hutengeneza namba ya ndani ya majaribio ambayo kazi yake ni kukusomea ulichobonyeza. Piga, bonyeza vitufe vyote 12 pamoja na nyota na reli, sikiliza. Rudia kwa laini ya kila kampuni. Programu ya Asterisk, ambayo Mmarekani Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ambayo imebeba mitambo mingi ya taasisi ndogo duniani kwa kuwa ni ya bure, inaweza kuwekewa namba ya namna hiyo kwa mistari michache ya maelekezo. Anayesimamia mtambo bila kuwa na namba hiyo anafanya kazi ya kubahatisha.

Tupande sasa kwenye ardhi yenyewe, maana Kagera ina tabia zake. Nchi ya Bukoba na Muleba imekaa kwa matuta marefu yanayoelekea kaskazini na kusini sambamba na Ziwa Victoria, yenye majabali upande mmoja na mabonde ya majimaji upande wa pili. Kamachumu iko juu. Chini yake kuna vijiji vinavyoliona ziwa lakini haviuoni mnara. Mawimbi ya simu hayapindi kona vizuri. Ndiyo maana mtu hupata mtandao akisimama pembeni ya kibanja na kuupoteza akiingia kwenye nyumba ya bati katikati ya migomba. Wakiongea watu wawili, sauti ikikatika sekunde mbili mmoja husema "rudia, sijakusikia", na maisha yanaendelea. Mtambo hauna uungwana huo. Ukimya wa sekunde chache unahesabiwa kuwa hukuchagua, unarudishwa mwanzo, na baada ya mara tatu unakatiwa.

Ziwani kuna ajabu nyingine. Mnara wa kawaida wa 2G una kikomo cha umbali ambacho hakitokani na nguvu ya mawimbi: simu na mnara hupangiana muda kwa hatua 63, kila hatua ikiwa kama mita 550, na hatua zikiisha umefika kilomita 35. Juu ya maji hakuna mlima wa kuzuia, kwa hiyo mvuvi aliye mbali anaweza kuona mtandao umejaa kwenye kioo na kila simu anayopiga ikashindikana. Watu wa visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba ni wakazi wa Wilaya ya Muleba kama walivyo wa Nshamba. Huduma yoyote ya simu inayodai kuifikia Muleba yote inapaswa kujaribiwa kutoka huko pia.

Tena kuna Uganda. Ukielekea kaskazini, Kanyigo na Mutukula, na hata ukiwa ziwani, simu inaweza kukamata mnara wa ng'ambo wenye nguvu zaidi na kukukaribisha nchi ambayo hujaiendea. Namba fupi za Tanzania hazina maana huko. Ukipiga utaambiwa haipo, na utaamini kwamba huduma imefungwa. Kabla ya kulaumu chochote, angalia jina la mtandao juu ya kioo. Kama si la Tanzania, ingia kwenye mipangilio, zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua wako kwa mkono. Jambo hili dogo linastahili kusemwa na redio za mkoa huu, Kasibante, FADECO ya Karagwe, Kwizera ya Ngara, kila namba fupi inapotangazwa, na sijui kwa nini halisemwi.

Minara inaongezeka, hilo ni haki kulisema. Tarehe 13 Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Lakini mnara unakula umeme, na umeme wa Bukoba na Muleba kwa miaka mingi ulitoka Uganda, kwa njia ya Masaka na Kyaka, nje ya Gridi ya Taifa. Ukikatika, mnara huishi kwa betri kisha kwa jenereta, na mtambo wa taasisi huishi kwa kile kilichopo, ambacho mara nyingi ni betri iliyonunuliwa pamoja na kompyuta na haijabadilishwa tangu hapo.

Umeme ukirudi ndipo kisa kinapoanza. Vifaa huwaka vyote kwa pamoja. Mtambo wa simu huwahi kuamka kuliko ruta, unatafuta njia ya kujisajili kwa kampuni ya mawasiliano, haupati, unakata tamaa. Ruta inaamka dakika mbili baadaye, intaneti inakuja, watu ofisini wanafungua barua pepe zao, kila mtu anaona mambo shwari. Simu haziingii. Anayepiga kutoka Muleba anaambiwa namba haipatikani, na hakuna taa nyekundu popote ya kumwonyesha mtu wa Bukoba kwamba kuna kitu kimekufa. Tiba ni kuupangia mtambo ujaribu kujisajili upya bila kuchoka, na kuwa na kifaa kingine kinachoipigia namba hiyo kila baada ya dakika kadhaa na kutuma ujumbe kwa fundi isipopokelewa. Namba ya umma isiyopigiwa na mwenyewe itakufa bila yeye kujua.

Ruta nayo ina kosa lingine, la usahaulifu. Ofisi nzima hutoka kwenye intaneti kwa anwani moja, na ruta hukumbuka kwa muda mfupi ni kifaa gani cha ndani kilizungumza na nani nje. Mtambo ukikaa kimya, kumbukumbu hiyo hufutwa, kwa baadhi ya ruta ndani ya nusu dakika tu. Hapo simu ya kwanza ya asubuhi inaingia, ya saa nne inagonga ukuta. Ukipiga wewe kutoka ndani kwenda nje, kila kitu kinafufuka, na fundi anaondoka akisema halioni tatizo. Mtambo unatakiwa kutuma pakiti ndogo mara kwa mara ili ruta isisahau.

Kuna sekunde 32, nazo nazipenda kuliko dalili zote, kwa sababu hazisingizii. Simu inapokelewa, dada anaanza kusema, na ikifika sekunde ya 32 inakatika. Ukipiga tena, 32. Ukipiga kesho, 32. Anayepiga hudhani salio limekwisha. Hesabu yake iko ndani ya SIP yenyewe: upande uliopokea simu hutuma ujumbe kwamba nimepokea, na husubiri kuthibitishiwa. Usipothibitishiwa hurudia, kwa kipimo cha nusu sekunde mara 64, ambazo ni sekunde 32, kisha hukata. Maana yake uthibitisho umetumwa kwa anwani isiyofikika, kwa kawaida anwani ya ndani ya ofisi ambayo mtambo uliitaja kwa ulimwengu wa nje. Simu iliyounganishwa lakini upande mmoja hausikii chochote ni ndugu wa tatizo hilohilo. Ruta nyingi za bei nafuu huja na kipengele kinachojidai kusaidia SIP kwa kubadilisha anwani hizo, kinaitwa SIP ALG, na mafundi wengi wa simu hushauri kizimwe siku ya kwanza. Nami nasema hivyohivyo.

Simu inayokatika barabara kwenye dakika ya 30 ni nyingine kabisa. Hiyo ni saa ya kuhuisha mazungumzo ambayo kwa kawaida hupangwa sekunde 1800. Lakini ni nani atakayezungumza na mashine nusu saa?

Sauti ikikwaruza na kumeza maneno, usiende kwenye mtambo, nenda kwenye njia ya intaneti. Simu moja isiyobanwa hutumia kilobiti 64, na ukiongeza vifungashio vya pakiti inafika kama 87 kwa kila upande. Wapigaji 10 kwa pamoja wanakaribia megabiti 1 kwenda na megabiti 1 kurudi. Ofisi yenye intaneti ya kugawana, ambako saa nne asubuhi mmoja anapakua video na mwingine anapandisha nyaraka, haiwezi kuwatendea haki wapigaji hao mpaka ruta ifundishwe kuitanguliza sauti. Pima saa nne asubuhi, kisha pima saa nne usiku. Kama usiku sauti ni safi, umeshampata mwizi, naye yuko ndani ya nyumba.

Zaidi ya ofisi kuna swali ambalo wakurugenzi wengi hawalijui jibu lake: mtambo wenyewe uko wapi? Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Kagera na kuvuka kwenda Uganda kupitia Mutukula na Rwanda kupitia Rusumo. Simu ya kutoka Muleba kwenda Bukoba ingeweza kubaki nchini mwanzo hadi mwisho. Lakini kama taasisi imekodi mtambo kwenye seva iliyoko Ulaya, sauti ya bibi wa Kamachumu inakwenda pwani, inazama baharini, inafika Ulaya, inajibiwa na rekodi, inarudi. Siku za kawaida inawezekana, ingawa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Simu za kawaida za ndani ya nchi hazikuhitaji nyaya hizo. Huduma yoyote ya simu ya Kitanzania iliyokuwa na mtambo wake ng'ambo ya nyaya hizo ilizihitaji. Kwa namba ya dharura, au ya mgonjwa, kuiweka seva nje ya nchi bila mbadala wa ndani ni uzembe, hata kama bei yake ni nusu.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa njia ya mkato: kifaa kidogo chenye nafasi za laini 4 au 8 za kawaida, kinaunganishwa na kompyuta, kazi inaanza. Mashirika madogo yamefanya makubwa kwa vifaa hivyo. Freedom Fone, programu iliyobuniwa na Kubatana ya Zimbabwe, ilitengenezwa kwa watu wa namna hiyo, na Farm Radio International iliitumia hapa Tanzania kuunganisha vipindi vya wakulima na simu zao. Hata kampuni zenyewe zilijaribu: Tigo Kilimo ilianza mwaka 2012 kumpa mkulima bei za mazao na hali ya hewa. Lakini laini za kawaida zina sheria zake. Tangu 20 Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa, na laini za taasisi zilizosajiliwa kwa jina la kijana aliyeacha kazi siku zake zinahesabika. Isitoshe, kifaa chenye laini nyingi zinazopiga simu mfululizo kutoka sehemu moja kinafanana mno na vile vya wahalifu wanaoingiza simu za nje kwa mlango wa nyuma, ambavyo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kampuni za simu huwinda. Pata kibali kwanza. Zikifungwa laini zote 8 asubuhi moja, usitafute tatizo kwenye waya.

Idadi ya laini nayo ni somo, na lina mwalimu wake. Mdenmark Agner Krarup Erlang alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukokotoa ni wapigaji wangapi watakataliwa kwa kukosa nafasi. Tuseme redio imetangaza namba, na ndani ya saa moja watu 100 wanapiga, kila mmoja akitumia dakika 3. Kwa hesabu ya haraka mtu atasema simu 5 kwa wakati mmoja, basi laini 5 zinatosha. Erlang anasema hapana: watu hawapigi kwa foleni, hupiga kwa mafungu. Ukiwa na laini 4 za kifaa kile kidogo, karibu 40 kati ya 100 watakutana na namba inayotumika. Ili asikose zaidi ya mmoja kati ya 100 zinahitajika laini 11. Nani amefanya hesabu hii kabla ya kusoma namba yake hewani mara sita kwa jioni?

Wengine hutumia bipu: mkulima anabipu, mtambo unakata, kisha unampigia wenyewe ili asilipe. Ni wazo zuri lililoharibiwa na matapeli. Katika nchi ambamo kila mtu ameshatumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", simu ya namba ngeni yenye sauti iliyorekodiwa haina bahati. Namba inayompigia iwe ileile aliyoibipu, na sentensi ya kwanza imwambie hivyo.

Nimeiacha mwisho sehemu ambayo mafundi huiona ndogo, yaani maneno yenyewe. Rekodi ikitoka studio ikiwa na ubora wa muziki na kutupwa kwenye mtambo bila kugeuzwa, hutoka na mafua; simu ya kawaida hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu, kwa sampuli 8000 kwa sekunde. Rekodi kwa kipimo hicho, isikilize kwa kitochi na si kwa spika za studio. Kisha mpangilio. "Bonyeza tatu kwa taarifa za mikopo" ni kosa, kwa sababu msikilizaji akifika kwenye mikopo ameshasahau tatu. Taja jambo kwanza, namba baadaye. Mpe sekunde 8 au 10, kwa kuwa mwenye kitochi lazima aitoe simu sikioni, atafute kitufe, abonyeze, airudishe. Sekunde 3 zinamtosha aliyebuni mtambo peke yake. Na mwenye simu ya kugusa ana shida zake: kioo huzimika akiiweka sikioni, na shavu hubonyeza kisichotakiwa.

Kuhusu lugha nitasema kidogo. Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini wapo wazee wa Ihangiro na Kiziba ambao maelezo ya homa na maumivu huwatoka kwa Kihaya tu. Hao hawahitaji chaguo la nne wala la tano. Wanahitaji kitufe kimoja, sifuri, kinachowapeleka kwa mtu, na mtu huyo awepo. Namba 115 ya m-mama, inayotafuta usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, imejengwa juu ya msingi huo, kwamba upande wa pili kuna mtu wa kupanga gari. Kwa upande mwingine, kama kinachotakiwa ni takwimu, sauti haihitajiki kabisa: Zanzibar ilianza mwaka 2008 kupokea hesabu za malaria kutoka vituo vya afya kwa menyu za maandishi za nyota na reli, na taarifa zilifika.

Kwa taasisi zenye mitambo hii nina ombi moja. Kila mwezi mtume mtu mwenye kitochi na laini za kampuni zote hadi Nshamba, hadi chini ya Kamachumu, na inapowezekana kisiwani. Aipige namba yenu asubuhi na usiku, abonyeze kila kitufe, aandike alichosikia na sekunde iliyokatika. Fundi apewe karatasi hiyo kabla hajagusa chochote, na akigusa, abadilishe kitu kimoja, apige tena, ndipo abadilishe cha pili.

Na wewe msomaji, simu ya mashine ikikugomea usiseme tu "mtandao unasumbua". Andika tarehe na saa, kijiji ulipokuwa, jina la mtandao lililokuwa juu ya kioo, kitufe ulichobonyeza, ulichosikia, na ilichukua sekunde ngapi kukatika. Vipeleke kwa mtoa huduma kwanza. Usiporidhika, TCRA hupokea malalamiko ya huduma za mawasiliano, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.